Aliyelala Si Mimi

Sista Purity wa kliniki aligonga namba kwenye kadi yangu kwa ncha ya kalamu, mara mbili, kana kwamba nilikuwa nimeiandika mimi vibaya. Saba nukta moja. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini.

"Damu yako iko chini, madam. Chini sana. Bado unakula zile mawe?"

"Aliacha," akajibu mama mkwe wangu.

Mama Nanyama, mama yake Lenny mume wangu, alikuwa na kawaida ya kunijibia. Nikiulizwa ninaumwa wapi, yeye anasema ni kiuno. Mchungaji akiniuliza habari za kazi, yeye anasema shule ilikuwa na wakaguzi. Juzi fundi aliniuliza kama gauni linanibana, Mama akasema linanibana kwapani, na kweli lilikuwa linanibana kwapani, jambo lililoniudhi zaidi. Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne huko mtaa wa Huruma, Eldoret. Nina watoto hamsini na wawili wanaonyamaza nikiinua kidole. Lakini nikikaa kando ya Mama, ulimi wangu unakuwa mali yake.

Siku hiyo nilishukuru kwamba alinijibia, kwa sababu sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimekula vipande vitatu kabla hatujatoka nyumbani, na chenga zilikuwa bado nyuma ya gego la mwisho. Niliogopa kufungua mdomo Sista asije akaona.

Kama hujawahi kula odowa, sijui nikueleze vipi. Ni jiwe laini la rangi ya majivu linalouzwa sokoni kwa mafungu, kando ya njugu na omena. Wajawazito wengi hulila kutuliza kichefuchefu, wakishajifungua wanalisahau. Ukiliweka ulimini linanata kidogo, halafu linavunjika, na mdomo wote unajaa harufu ile ya mvua ya kwanza inapoanguka kwenye vumbi. Nilipokuwa nikilikosa kwa saa tatu, mikono ilianza kutetemeka na nikawafokea watoto wa watu bure.

Lenny alidhani niliacha. Mama hakudhani lolote, yeye alinikagua. Alipekua mkoba wangu nikiwa bafuni. Aligeuza mifuko ya koti langu. Kuna siku aliniambia, "Hebu fungua mdomo," mbele ya jirani, nami mtu mzima wa miaka thelathini na moja nikaufungua. Hakupata kitu kwa sababu odowa yangu ilikaa shuleni, ndani ya boksi la chaki, na vipande vichache nilivyorudi navyo nilivificha chooni. Nani atamshuku mwalimu mwenye vumbi jeupe vidoleni? Nilikuwa naandika hesabu ubaoni kwa mkono mmoja na kumega kwa mwingine, mgongo wangu ukiwa kwa darasa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba Mama ndiye aliyenipa odowa ya kwanza maishani mwangu. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita, katika ile mimba nyingine. Nilikuwa natapika hata maji, naye akaja na kifungu ndani ya karatasi ya gazeti akaniambia nimung'unye, nitatulia. Nilitulia kweli. Sasa mtu huyohuyo ananipekua kama askari wa getini.

Ile mimba nyingine ilikwisha vibaya. Mtoto aliacha kucheza tumboni, na alipozaliwa hakulia. Mimi nililazwa siku tisa, na niliporudi nyumbani Yamumbi, mambo yalikuwa yamekwisha kufanywa. Mama alisema desturi yao ni hiyo, mtoto wa namna ile huzikwa na wanawake wazee, na mama yake haulizi. Sikuuliza. Kwetu nako sikuwahi kusikia mtu akiuliza. Mpaka leo wanawake wa pale mtaani wanaitana Mama Fulani na Mama Fulani, lakini mimi wananiita Chelimo, na wakiniita hivyo hushusha sauti kidogo.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu yeyote. Katika wiki ile mtoto alipoacha kucheza, nilikuwa nimekula karibu nusu kilo ya odowa peke yangu. Niliifungia kabatini na kuila kama mwizi. Kwa hiyo waliponiambia pole, kazi ya Mungu haina makosa, nilikuwa naitikia huku nikijua aliyefanya kazi ile. Nilijiambia ni mimi niliyemuua. Nilijiambia hivyo kila siku, na siku nilipojua nina mimba tena, nilienda sokoni nikanunua fungu.

Usinicheke. Hata mimi sijui kwa nini.

Sista Purity akatuambia kwamba hii kitu inazuia chakula kuongeza damu, kwamba vidonge vyote nilivyopewa ni kama kumwaga maji kwenye gunia. Akasema wiki mbili zikipita bila namba kupanda nitalazwa na kuongezewa damu. Halafu akaweka kalamu chini. "Na uzae na hii damu yako, utokwe na nyingine siku hiyo, mimi sijui tutakushikia wapi. Wewe na mtoto." Alitutazama sote wawili. "Kuna mtu mjini anaitwa Edwin. Ni kaunsela, lakini anafanya ile ya hipnosisi, anakulaza kwa maneno tu. Ndugu yangu alivuta sigara miaka kumi na minne. Alilazwa mara tatu, akaacha."

Nilijua Mama atakataa. Kanisani kwao hata kuota ndoto mbaya kunaombewa. Lakini alikunja kadi yangu, akaitia ndani ya mkoba wake yeye, akasema, "Tutaenda."

Usiku huo sikulala vizuri, wala uliofuata. Tatizo halikuwa mapepo, ingawa mwalimu mwenzangu Sylvia aliniapia kwamba dada mmoja wa Kapsoya alilazwa hivyo akaamka anabweka. Nilichoogopa ni mdomo wangu mwenyewe. Watu walisema ukishalazwa unajibu kila unachoulizwa. Nikajiona nimelala pale nikisema boksi la chaki, nikisema nusu kilo, nikisema mimi ndiye niliyemuua mjukuu wako. Nikaomba angalau niende peke yangu.

"Peke yako?" Mama akasema. "Ufunge macho ulale mbele ya mwanaume hatumjui, na mlango umefungwa, na hiyo tumbo? Lenny akiniuliza nitasema nini?"

Lenny alikuwa njiani na lori la mahindi na hakuwa ameuliza chochote. Nilimpigia simu aniokoe. Akaniambia, "Si umpeleke tu Mama, babe, atulie." Nikakata.

Tulienda Jumatano, watoto wakiwa likizo fupi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu, na siku za Aprili duka la mbegu Eldoret si mahali pa utulivu. Wakulima walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi wakigombania aina fulani ya mbegu ya mahindi ambayo inasemekana imekwisha. Tulijipenyeza. Nilikuwa nimeapa kutokula chochote asubuhi hiyo. Nilikula vipande vinne chooni kabla ya kuvaa viatu, nikasukutua mdomo mara tano, na bado nilihisi kila mtu kwenye zile ngazi anainusa harufu yangu.

Edwin alikuwa mwanaume mfupi wa makamo, mwenye sweta la kufumwa na sauti ya mtu asiyewahi kugombana na kondakta. Mama akamwita daktari. Akasema yeye si daktari, ni kaunsela. Mama akasema, "Sawa, daktari." Kulikuwa na kochi moja refu la kijani la mgonjwa, kiti cha Edwin, na kwenye kona, nyuma yangu, kiti cha mbao cha kupokelea wageni. Mama akakalia hicho, mkoba mapajani.

"Ni vizuri zaidi tukiwa wawili," Edwin akasema kwa upole.

"Mimi nitanyamaza," Mama akasema. "Hata hutajua niko."

Edwin alinitazama. Nilipaswa kusema hapana, nataka atoke. Nilisema, "Haina shida."

Akaniuliza nimeanza lini kula odowa. Mama akasema miaka miwili. Akaniuliza ninaila saa ngapi zaidi. Mama akasema hakuna saa, aliacha, ila ile hamu tu ndiyo imebaki. Edwin akatabasamu, akaandika, na mimi nikaona jasho limeanza kunitoka chini ya matiti. Kisha akaeleza. Alisema hataniondolea akili yangu. Alisema hatasukuma kitu, atafungua mlango tu, na nikiona sitaki kupita sitapita. Alisema mtu aliyechoka na anayekubali kusikiliza huenda chini haraka, na mtu anayejilinda huchelewa. Niliposikia hivyo nikapata nafuu kidogo, kwa sababu nilijua hakuna mtu Eldoret nzima aliyekuwa akijilinda kuliko mimi.

Nikalala kwa ubavu, kama alivyotaka, mto katikati ya magoti. Akaanza kuongea. Aliongea polepole, akahesabu kuanzia ishirini kurudi nyuma. Akasema miguu ni mizito. Akasema mabega yanashuka. Kila alipotaja kiungo, mimi nilikibana. Chini kwenye duka mtu alikuwa anapiga kelele kwamba alilipia mifuko sita akapewa mitano, nami nilimsikiliza huyo kwa bidii yote, nimshike, nisiteleze. Namba ikafika tatu. Ikafika moja. Nilikuwa macho kama mlinzi wa benki, ila kope nilizifunga na kuanza kuhema taratibu ili ionekane nimelala. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu. Nitasema neno mojamoja. Nitasema nimeichukia odowa. Tutaenda nyumbani.

"Sasa," Edwin akasema, "nenda mahali ambapo uko peke yako. Hakuna mtu anakuona. Hakuna wa kukuuliza kitu. Ukifika, niambie uko wapi."

Nikatafuta jibu la haraka. Darasani, nikawaza, nitasema darasani.

"Niko nyuma ya nyumba," akajibu Mama.

Nilidhani ni mazoea yake tu, ananijibia tena. Nilitaka kucheka. Lakini ile sauti haikuwa sauti yake ya kliniki. Ilikuwa ndogo, bapa, haina haraka. Nikafumbua macho na kugeuka. Mama alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya mkoba, na uso wake ulikuwa umeshuka wote, kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri siku zote za maisha yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa anasikiliza. Yote yale aliyoambiwa mgonjwa, yeye aliyapokea kwa niaba yangu.

Edwin naye alikuwa ameona. Alininyooshea kiganja, nitulie. Sijawahi kuona mtu mpole akiogopa kwa haraka vile.

"Mama, uko salama," akamwambia. "Uko kwenye kiti. Nitahesabu mpaka tano, na—"

"Jembe ni kubwa," Mama akasema. "Nachimba na mikono."

Nilikaa kitako. Edwin alitikisa kichwa, hapana, akaweka kidole mdomoni. Nilimwelewa vizuri sana. Mtu huyu hakuja kutibiwa, hakukubali, hajui kwamba anaongea. Ningekuwa mtu mwema ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimenyamaza miaka miwili, na mlango ulikuwa wazi mbele yangu, na mtu aliyekuwa upande wa pili angejibu chochote.

"Unamzika nani, Mama?" nikauliza.

"Madam, tafadhali," Edwin akanong'ona.

"Mtoto wa Chelimo."

"Ni mtoto gani?"

"Msichana. Ana nywele nyingi, zimefika hapa." Mkono wake mmoja uliinuka, ukagusa shingo yake mwenyewe, ukashuka. "Nimemfunga kwa leso yangu ile ya bluu. Wale wengine wameenda kunawa. Mimi sijamaliza. Narudisha udongo kidogo kidogo, usimwangukie kwa uzito."

Hakuna aliyewahi kuniambia kama alikuwa msichana. Niliuma mkono wangu ili nisipige kelele. Edwin alikuwa ameinama kuelekea kwake, akaanza, "Moja. Unaanza kurudi—"

"Chelimo asijue," Mama akasema.

"Asijue nini?" Nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kusimama.

"Kwamba ni mimi." Machozi yalianza kumtoka, lakini uso haukujikunja, yalishuka tu yenyewe kwenye mashavu yaliyotulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. "Alikuwa anatapika. Nikampa odowa. Nikamwambia itamtuliza. Nikamletea tena, na tena. Mimi nilimzoesha. Nimemuua mjukuu wangu na mkono wangu, halafu nikamzika na huo huo. Sasa nampekua. Kila siku nampekua. Nisipompekua ataua na huyu mwingine na itakuwa ni mimi tena."

"Mbili," Edwin akasema, kwa nguvu sasa. "Unasikia sauti za mjini. Tatu. Mwili wako unapata nguvu. Hakuna kibaya hapa. Nne." Alinitazama kwa jicho lililosema kaa chini, nami nikakaa. "Tano. Fungua macho, Mama."

Mama akafungua macho. Akatazama dari, akatazama Edwin, akafuta shavu kwa kiganja na kukishangaa kile kiganja kilicholowa. Kisha akaniona nimekaa kwenye kochi.

"Umeamka? Mungu wangu, mimi nilisinzia kidogo. Daktari, amelala vizuri? Amepona?"

Edwin alimwambia kwamba siku hiyo haikwenda alivyopanga, kwamba angependa turudi, kila mtu kwa saa yake, na kwamba kuna jambo anafaa kumweleza. Akaanza kusema, "Mama, wakati nikiongea na Chelimo, wewe pia—" lakini Mama alikuwa ameshasimama, anakunguta sketi, anamshukuru, anamwambia ana sauti nzuri ya kuhubiri. Nilimwambia Edwin, "Nitamweleza mimi." Hakupenda. Alitufuata mpaka mlangoni. "Leo hii, madam," akaniambia chinichini. "Usimwache akae nayo bila kujua."

Tuliteremka ngazi katikati ya wakulima. Mama alinitangulia akitengeneza njia kwa kiwiko, "Pisheni mjamzito, pisheni," na mimi nilikuwa nautazama mgongo wake, sketi yake ya kanisani, kitambaa kilichoteleza kichwani. Nilikuwa na hasira. Wacha niseme ukweli, kitu cha kwanza kilikuwa hasira, si huruma. Miaka miwili alinyamaza na mtoto wangu akiwa nyuma ya nyumba ninamolala. Nilikuwa nimeanika nguo pale. Halafu nyuma ya hasira ikaja ile hofu yangu ya zamani, maana kama yeye alikuwa na hatia ya kunipa, mimi nilikuwa na hatia ya kula, na yeye hakujua kuhusu nusu kilo.

Nje, kando ya magunia ya mbolea, nikamshika mkono.

"Mama, nataka unionyeshe mahali ulipomzika."

Alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. "Nani amekuambia?"

"Wewe."

"Lini?"

"Sasa hivi. Huko juu. Aliyelala si mimi, Mama, ni wewe. Aliuliza maswali ukajibu."

Niliona anakumbuka kile kiganja kilicholowa. Alikaa kwenye gunia la mbolea bila kuuliza ni la nani. Akauliza, bila kunitazama, "Nilisema nini kingine?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema basi, ni hilo tu, na angebaki na siri yake na mimi na yangu, na tungeendelea kupekuana. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kufanya hivyo.

"Ulisema ni wewe uliyemuua," nikasema. "Na mimi nimekuwa nikisema ni mimi. Wiki ile alipoacha kucheza nilikula karibu nusu kilo. Niliificha kabatini. Sijaacha, Mama. Leo asubuhi nimekula vinne. Iko shuleni, kwenye boksi la chaki."

Nilingoja anipige kofi. Nilitamani hata anipige. Alinitazama mdomoni, pale anapotazamaga kila siku, halafu machoni.

"Sasa ni nani kati yetu?" akauliza. Aliuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

"Sijui. Hakuna daktari aliyetuambia. Hatukuuliza."

"Hatukuuliza," akasema.

Mwenye gunia alikuja akitaka gunia lake. Tukaenda nyumbani.

Mvua ilikuwa imepita Yamumbi kabla yetu. Njia ilikuwa tope, mabati yalikuwa bado yanadondosha maji. Mama hakuingia ndani kuweka mkoba. Alizunguka nyumba, akapita kamba ya nguo, akapita choo cha zamani, akasimama mahali ambapo majani ya napier ya kulishia ng'ombe yanakutana na ua. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na tuta wala jiwe. Paliota majani mafupi tu, mahali pa ukubwa wa meza ndogo.

"Ni hapa," akasema. "Kichwa kiko upande huu. Niliogopa kuweka alama, usije ukaiona."

Nilipiga magoti. Kwa tumbo lile haikuwa rahisi, nilishuka kama ng'ombe, mkono mmoja kwanza, kisha mwingine. Nilitaka kumwambia mtoto wangu kitu. Nilikuwa na miaka miwili ya maneno. Niliinama, na udongo uliokuwa umetoka kunyeshewa ukanipandisha harufu yake usoni.

Mate yakanijaa mdomoni.

Yalikuja yote kwa mara moja, kama yanavyokuja mbele ya fungu sokoni. Ulimi ukasogea wenyewe. Nilitazama chini nikaona vidole vyangu vimeshazama katikati ya majani, na vilikuwa vimemega. Kilikuwa kipande kidogo tu, cheusi, kilicholowa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mkono ulikuwa umeanza kuinuka. Juu ya mtoto wangu. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyouogopa mkono ule.

"Mama," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Mama, nishike mikono."

Nilidhani atauliza kwa nini, au atasema fungua mdomo. Alishuka kwenye tope na sketi yake ya kanisani, akakunjua vidole vyangu kimoja kimoja mpaka udongo ule ukaanguka ulikotoka, kisha akaishika mikono yote miwili, akaibana mapajani mwake kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

"Bado unaitaka?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi siachi," akasema, akaibana zaidi.